Jua Likigoma Katunguru

Saa 12 alfajiri, kwenye mwalo wa Katunguru, sikuona maji. Niliyasikia tu: kasia likigonga ubavu wa mtumbwi, mtu akikohoa, kiboko akipumua kwa kishindo mahali nisipoweza kupakadiria. Daraja la barabara ya Mbarara kwenda Kasese, ambalo siku nyingine huonekana wazi kutoka hapo, lilikuwa limemezwa na ukungu. Vijana wawili waliokuja nami kutoka Bwera kujifunza kupiga picha walitazama mashariki kwa kitambo, kisha mmoja wao akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, si turudi tu?"

Nikamwambia afungue mkoba. Lakini swali lake sikulisahau, kwa sababu nimelisikia mara nyingi kutoka kwa watu wenye vifaa vizuri na nia njema. Wanaamka gizani, wanafika ufukweni, mbingu imefunga, wanarudi kulala. Wamejifunza kwamba picha ya macheo ni duara jekundu juu ya maji, na lisipoonekana duara hawaoni kilichobaki cha kupiga.

Katunguru ni kijiji cha wavuvi kilichokaa pande zote mbili za Mfereji wa Kazinga, maji ya asili yanayotoka Ziwa George upande wa mashariki kwenda Ziwa Edward upande wa magharibi. Ng'ambo ya kaskazini ni wilaya ya Kasese, ya kusini ni Rubirizi. Kotekote kimezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga na kupewa jina la sasa mwaka 1954, malkia alipoitembelea Uganda. Wageni huja na lenzi ndefu kutafuta simba na tembo. Mwalo wenyewe wanaupita wakiwa ndani ya gari.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo wengi wanapokosea kabla hata hawajafika. Uganda inatumia saa moja na Mombasa, lakini Katunguru iko mbali magharibi, kwa hiyo jua linachelewa kufika kwa zaidi ya nusu saa. Mwanzoni mwa Novemba linachomoza kama saa 12:40 asubuhi, na katikati ya Februari kama saa 1:10. Ukivuka mpaka wa Mpondwe pale Bwera ukaingia Kasindi, jua ni lilelile ila saa ya Congo iko nyuma kwa saa nzima, na nimewaona watu wakipangiana miadi ya alfajiri pande mbili za mpaka wakapishana kwa sababu hiyo tu. Ukipanga safari ya picha na rafiki wa ng'ambo, taja saa ya nchi gani.

Jambo la pili ni kasi. Katunguru iko takribani kilomita 15 kusini mwa ikweta, na hapa jua halipandi kwa mshazari kama linavyofanya Ulaya. Linapanda karibu wima, nyuzi moja kila dakika 4. Tangu weupe wa alfajiri uwe wa kutosha kuona njia hadi jua lenyewe kuchungulia ni dakika kama 21. London mwezi Juni muda huohuo unazidi dakika 40. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa huko, na ushauri wao wa kungoja rangi iive polepole humwangusha mtu wa ikweta. Hapa rangi haikungoji. Fika saa nzima kabla, weka kamera tayari ukiwa bado na giza, ndipo uanze kutazama.

Kisha kuna ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa. Simu yako inakuambia dakika ambayo jua linavuka upeo tambarare, kama wa baharini. Katunguru haina upeo wa namna hiyo. Ukingo ukiinuka nyuzi 2 tu mbele yako, jua unaloliona litachelewa dakika 8, na likitokea litakuwa limekwisha kupoteza sehemu ya wekundu wake. Wekundu huo unatokana na safari ndefu ya mwanga ndani ya hewa: jua likiwa chini kabisa, mwanga wake unapita katika hewa mara 30 na zaidi kuliko ukiwa utosini, na njiani rangi ya buluu inatawanywa huku na huko hadi zinabaki nyekundu na chungwa. Kila nyuzi jua linapopanda, safari inafupika. Kwa sababu hiyo huwaambia wanafunzi wangu kwamba Katunguru rangi bora iko angani kabla ya jua, wala isitegemewe kwenye jua lenyewe.

Sasa ukungu, ambao ndio mgomo mkubwa wa pale. Ziwa George ni pana, kilomita za mraba kama 250, lakini kina chake cha wastani hakifiki hata mita 3. Maji ya kina kifupi hivyo kwenye ikweta hupata joto mchana kutwa. Usiku hewa ya baridi inateremka kutoka miteremko ya Rwenzori na kulala bondeni, juu ya maji ambayo bado ni ya uvuguvugu. Mvuke unaoinuka unakutana na hewa hiyo na kuwa ukungu. Kwa hiyo usiku wa mbingu safi na nyota nyingi, ule unaomfanya mpiga picha alale akiwa na matumaini, ndio mara nyingi unaoleta asubuhi nyeupe. Ukiwa umepanga safari yako na usiku ukawa mweupe kwa nyota, beba lenzi ya karibu. Utaihitaji.

Ukungu una faida moja ambayo jua kali halikupi: unaondoa kila kitu kilicho nyuma. Waya za umeme, mabati, gari lililoegeshwa, vyote vinapotea, na mtumbwi mmoja uliokuwa umezama katika fujo ya mandhari unabaki peke yake. Ukitokea mtumbwi wa pili nyuma yake utakuwa mweupe zaidi, na wa tatu karibu usionekane, na macho yanapata kina bila juhudi yoyote. Wachoraji wa China walilijua hili kwa karne nyingi katika michoro yao ya milima. Kazi yako ni kusogea. Mita 5 za kwanza ndizo zenye rangi na mikunjo, na kila unachotaka kieleweke lazima kiwe ndani ya mita hizo.

Kamera haielewi ukungu, na hapa nisikilize vizuri. Kamera, hata ya simu, inadhani kila kilicho mbele yake kinapaswa kuwa cha kijivu cha wastani. Ukiiachia, ukungu mweupe utatoka mchafu kama maji ya kufulia. Ongeza mwangaza hatua moja, wakati mwingine na nusu juu yake. Kwenye simu gusa na ushikilie kidole juu ya kitu unachokitaka, kisha telezesha kidole juu hadi weupe urudi. Likitokea duara la jua katikati ya ukungu fanya kinyume: punguza hatua moja au mbili, la sivyo utapata shimo jeupe lisilo na mstari. Fokasi nayo huhangaika kwa kukosa pa kushika, inaenda mbele na kurudi nyuma. Ielekeze kwenye ukingo mweusi, kama pua ya mtumbwi au bega la mtu. Na urari wa weupe usiuache ujiendeshe wenyewe, kwa maana kamera itauona wekundu wa alfajiri kuwa kasoro na kuufuta. Uweke kwenye alama ya jua la mchana uuache hapo.

Mawingu yana namna zake. Yale membamba ya juu, yaliyochambuliwa kama pamba, yanaangazwa kutoka chini wakati sisi bado tuko kwenye kivuli cha dunia, na dakika 10 hadi 15 kabla ya jua yanaweza kuwaka mbingu nzima. Wingu zito la chini halina habari hiyo, isipokuwa likiacha mwanya mashariki. Mwanya wa upana wa kidole unatosha. Kwa hiyo usitazame juu. Tazama ule mstari ambapo wingu linakutana na ardhi. Pakiwa na weupe pale, kaa. Hapana weupe, geuka.

Nasema geuka kwa maana yake halisi. Nyuma yako, upande wa kaskazini-magharibi, umbali wa kilomita kama 60, kuna vilele vya Rwenzori, na kile cha Margherita kina mita 5,109. Kwa urefu huo kilele kinaliona jua dakika kama 7 kabla ya mtu aliyesimama mwaloni. Mara chache katika mwaka, mashariki imefungwa na kaskazini iko wazi, theluji inageuka waridi huku kijiji bado kiko kwenye bluu ya usiku. Wanaotazama mashariki wote wanaikosa. Sitaki kukudanganya kwamba ni jambo la kila wiki. Milima hii hujificha. Henry Morton Stanley alipita nchi hii mwezi Januari 1876 bila kuijua theluji iliyokuwa juu yake, akaja kuiona Mei 1888. Na mwaka 1906, Vittorio Sella, mpiga picha Mwitaliano aliyefuatana na msafara wa Duke wa Abruzzi, alipanda na kamera kubwa na vioo vyake hadi juu, akawa analazimika kungoja ukungu ufunguke. Ukizitazama picha zake leo utaona kwamba hakungoja mbingu safi. Alingoja upenyo, na mawingu yaliyobaki akayafanya sehemu ya mlima. Mtu huyo alibeba vioo vilivyoweza kupasuka kwa kuteleza mara moja; sisi tuna simu yenye nafasi ya picha maelfu, na tunarudi nyumbani kwa wingu moja.

Miezi ya ukavu, Juni hadi Agosti na tena Desemba hadi Februari, kinachogoma ni moshi wa nyasi zinazochomwa pamoja na vumbi la barabara. Moshi unaua rangi ya mbingu lakini unalipunguza jua makali hadi unaweza kulitazama na kulipiga kwa lenzi ndefu kama sahani ya shaba. Katika miezi ya mvua, asubuhi baada ya mvua ya usiku hewa imeoshwa, na madimbwi ya mwaloni yanageuka vioo. Lala chini karibu na dimbwi, simu ikigusa tope ikibidi, utapata mbingu mbili.

Msomaji wa Lamu au wa Unguja ataniuliza habari za maji kujaa na kupwa, na nina la kumwambia kwa sababu pwani kuna kanuni ambayo wavuvi wanaijua na wapiga picha wengi hawaijui. Wakati wa bamvua, Mombasa na Zanzibar maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na hupwa karibu saa 4 asubuhi. Wakulima wa mwani wa Unguja wanapanga siku zao kwa saa hizo. Maana yake ni kwamba jua linapochomoza siku za bamvua, maji yako katikati ya kutoka. Kupwa kule kukubwa kunakoacha miamba na vidimbwi wazi hakukutani kamwe na macheo katika pwani hiyo. Kwa kuwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kupwa kwa saa 12 asubuhi kutakuja siku chache baada ya maji mafu, na hapo hakutakuwa kupwa kwa kina. Anayetaka mwamba mtupu na jua jekundu katika picha moja anaomba kitu ambacho mwezi haukupanga. Apige maji yanayotoka: mistari ya mchanga uliolowa, ngalawa iliyoanza kuegemea ubavu, povu linalorudi nyuma. Akiweka kamera kwenye tripodi na kuacha shata wazi sekunde moja au mbili, kila wimbi linaloondoka litaacha nyuzi nyeupe mchangani.

Katunguru hakuna bamvua. Lakini maji yana ratiba, na ratiba hiyo ina viumbe. Viboko hutoka usiku kwenda kula majani nchi kavu, na alfajiri wanarudi majini. Saa zao za kurudi ndizo saa zako za kufika. Kiboko anayekuta mtu kati yake na maji haulizi, na watu wa mialo hii wamepoteza ndugu kwa njia hiyo. Sikubali mwanafunzi wangu yeyote ashuke ukingoni gizani akiwa peke yake, wala ajifiche kwenye mafunjo kutafuta pembe nzuri. Kaa pale wavuvi walipo, nenda wanakokwenda, na mvuvi akisema ngoja, ngoja. Hakuna picha ya macheo yenye thamani ya mguu wa mtu.

Ratiba ya pili ni ya upepo. Kabla ya jua, maji ya mfereji hutulia hadi yakawa kama mafuta, na mtumbwi unaopita unaacha mkunjo mmoja mrefu unaofika ng'ambo. Nchi ikishapata joto upepo unaanza na kioo kinavunjika. Kwa hiyo hata siku ya wingu, dakika 30 za kwanza zina kitu ambacho saa 2 haina.

Ya tatu ni ya kazi, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wavuvi wanaotega nyavu jioni wanarudi mwaloni alfajiri, na korongo wakubwa waitwao kalooli wanawasubiri wakiwa wamesimama kama wazee wa baraza. Samaki wanatoka: ngege, semutundu, kambare, kamongo. Akina mama wenye mabeseni wanashuka kununua, bodaboda wanangoja mzigo wa kwanza wa Kasese. Haya yote yanatokea jua likiwepo na lisipokuwepo. Mwanga wa wingu, ule usio na kivuli, ndio bora kwa uso wa mtu mweusi na kwa magamba ya samaki. Jua kali la saa 2 linatia kivuli machoni na kung'arisha paji la uso. Kwa mtumbwi unaopigwa kasia, 1/125 ya sekunde inatosha kuushika; fungua lenzi hadi f/4 na upandishe ISO hadi 1600 au 3200 bila woga. Chembechembe zitaonekana, naam, lakini picha yenye chembechembe ni bora kuliko picha iliyotikisika.

Omba ruhusa kabla, tena kwa sauti, kwa salamu kamili. Mtu aliyekesha majini hapaswi kupokelewa na lenzi. Flashi usiitumie kabisa, inampofusha anayetafuta gati gizani. Darajani napo ni mahali pa ulinzi: mwendee afande, msalimie, mweleze unachotaka, na akikataa mshukuru uondoke. Akikuruhusu, kumbuka kwamba malori yanalitikisa daraja lote, na tripodi imara haiwezi kukusaidia. Ngoja lori lipite, hesabu hadi kumi, ndipo ubonyeze.

Asubuhi ile ya ukungu jua lilitokea saa 1:40, likiwa limeshapanda na kuwa jeupe, halina habari yoyote. Yule kijana aliyetaka turudi alikuwa amepiga picha moja saa 12:50, akiwa amepiga magoti topeni: mkono wa mvuvi ukichomoa ngege kwenye wavu, pua ya mtumbwi ikiwa nyeusi, na nyuma yake hakuna dunia, ni weupe mtupu wenye doa la waridi upande wa kulia ambapo jua lingekuwa. Tuliisafisha picha Kasese, tukarudi nayo wiki mbili baadaye tukamkabidhi mvuvi mwenyewe. Aliishika kwa ncha za vidole, asije akaichafua kwa maji ya samaki. Hakuutazama mkono wake wala lile doa la waridi. Alisogeza picha karibu na macho, akautazama mtumbwi, akasema, "Ufa huu hapa, nimeshauziba."